Herufi Tatu za Mfalme wa Tano

Kila asubuhi Mama Funguo alifungua milango tisa ya jumba la makumbusho. Zamani jumba hilo lilikuwa la wafalme. Sasa lilikuwa la vumbi, na vumbi lote lilikuwa kazi yake. Funguo zililia kiunoni mwake, ukamsikia kabla hujamwona.

Alianza na kabati la kioo. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha kale, kilichoandikwa kwa mkono na karani wa wafalme. Kwa miaka minane alifuta kioo kile bila kusoma neno. Mwaka huo alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, midomo ikicheza.

Siku moja binti yake alirudi kutoka shuleni na macho mekundu.

"Nani kakuchokoza?"

"Mwalimu kanikosesha, mama."

Darasa lao lilikuwa limetembelea makumbusho, kisha wakaambiwa waandike habari za mtawala mmoja. Binti aliandika kwamba mfalme wa tano alikuwa mwanamke. Alitawala miaka ishirini na miwili. Alisikiliza kesi za watu huku akinyonyesha. Ndivyo bibi yake alivyomsimulia, na bibi naye alisimuliwa na bibi yake. Mwalimu alichora alama ya kosa ukurasa mzima. Pembeni aliandika: "Soma kibao cha ukutani."

"Sasa wenzangu wananiita Muongo. Kesho siendi."

"Utakwenda," Mama Funguo alisema. "Na hicho kibao nitakisoma mwenyewe."

Asubuhi alisimama mbele ya kibao. "Mfalme wa tano alioa, akapata watoto watatu." Akarudi kwenye kabati, akaweka kidole juu ya kioo. "A-li-o-le-wa." Alirudia mara tatu, asije akawa amekosea yeye. Kitabu kilisema: "Mfalme wa tano aliolewa."

Mwanamume huoa. Mwanamke huolewa. Hata mtoto anajua hilo. Damu ilimchemka Mama Funguo. Miaka yote hiyo alikuwa akimpangusia vumbi mama wa watu, kumbe amegeuzwa mwanamume hapo hapo ukutani.

Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa makumbusho.

"Aa, hilo tulilirekebisha sisi," mkuu alisema bila kuinua macho. "Karani wa zamani alizidisha herufi. Mfalme haolewi, mama."

"Kwa nini asiwe mwanamke tu?"

"Kalamu ni yetu, ufagio ni wako. Tusiingiliane."

Alitoka, akaenda kwa jirani yake. Jirani huyo alikuwa karani mstaafu wa mahakama, na mtaa mzima ulimwita Bibi Muhuri. Alimkuta anachambua mchele.

"Nakwenda kukibandua kile kibao kwa mikono yangu."

"Ukikibandua, wewe ndiye utakayeshtakiwa. Kaa. Hasira hiyo tuiweke kwenye karatasi." Bibi Muhuri alisukuma ungo pembeni. "Neno la mdomoni watalikana. Barua hawaikani. Andika kibao kinasemaje, kitabu kinasemaje, ukurasa wa ngapi. Halafu sema unataka nini. Usitukane."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Matusi njoo uyamalizie hapa kwangu."

"Na bibi yake binti yangu nimtaje?"

"Mtaje mwishoni. Bibi alikuonyesha pa kutazama. Kitabu ndicho ushahidi. Toa nakala tatu. Moja ya ofisi, moja ya bodi inayowasimamia. Ya tatu wagonge muhuri kwamba wamepokea, ubaki nayo."

Ilikuwa barua yake ya kwanza maishani. Ilimchukua siku nne. Pale mapokezi walisitasita kugonga muhuri. Mama Funguo alisimama akichezesha funguo zake mpaka wakachoka na kelele, wakagonga.

Wiki ya tatu watu wawili wa bodi walifika. Kabati likafunguliwa, wakageuza ukurasa. Mmoja akasoma kwa sauti: "Akajifungua mtoto wa tatu siku ukuta wa mji ulipokamilika."

"Na hapo pia karani alizidisha herufi?" Mama Funguo aliuliza.

Watu wa bodi wakaagiza kibao kirekebishwe.

Fundi wa mabango aliitwa. Katikati ya neno "alioa" alibana herufi tatu: L, E, W.

"Haipendezi," mkuu alisema. "Tutaandika upya kibao kizima."

"Kiacheni hivyo hivyo. Watu wakiona zimebanana, watauliza," Mama Funguo alisema.

Alishinda, lakini moyo bado ulimuuma. Mwanamke aliyetawala miaka ishirini na miwili alifutwa kwa herufi tatu. Na aliyemfuta aliita kazi hiyo marekebisho.

Siku ya pili yake darasa lilirudi. Mwalimu alisoma kibao, kisha akasoma kitabu.

"Lete daftari lako," alimwambia binti.

Akalilaza juu ya kabati, akakata lile kosa na kuweka alama ya vema. Kiwiko chake kiliacha doa kubwa kwenye kioo kilichokuwa kimefutwa asubuhi ile. Mama Funguo aliliona, akaliacha mpaka kesho.