Fundi Asiyekunywa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kipini alimtungia baba yake uzi kwenye sindano. Alitunga nyingi, akazichomeka kwenye kipande cha sponji kando ya cherehani ili zimtoshe mpaka jioni. Baba alikuwa fundi hodari wa mashati, lakini siku hizi mikono yake haikumtii. Miguu nayo ilikwenda upogo, na maneno yalimtoka mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Kipini lilikuwa jina la utani. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu ya umbo lake dogo kama kipini cha puani, enzi hizo walipokuwa bado wakicheza naye. Sasa wakati wa mapumziko alikaa peke yake nyuma ya darasa, akichorachora chini kwa kijiti. Wasichana walikuwa wamekatazwa na mama zao kumzoea mtoto wa mlevi.

Na aliyemfanya baba kuwa mlevi ni Kipini mwenyewe. Mwaka uliopita mwenzake wa dawati alimwona baba akipepesuka barabarani, akauliza ana nini. Kipini alijua kuwa marehemu babu alitembea vivyo hivyo, na shangazi pia. Aliogopa kwamba akitaja ugonjwa wa ukoo, wataanza kumtazama miguu yeye. Akajibu haraka, "Amelewa." Neno lile halikulala njiani; jioni lilikuwa limeshafika kwa muuza mkaa, na kutoka hapo kwa wateja. Mashati ya kushona yakapungua. Baba, ambaye hakuwahi hata kuonja pombe, hakujua sifa hiyo ilitoka wapi.

Siku moja daktari mmoja, mama wa makamo, aliingia darasani. Alieleza kuwa serikali imetenga fedha za kutafiti ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaorithiwa katika familia. Akaigiza mwendo wa wagonjwa, miguu imetanuka, mwili unayumba. Alikuwa amezunguka mji mzima bila kupata familia hata moja, na kesho anaondoka. Aliuliza kama kuna anayemjua mtu wa namna hiyo.

"Kama baba yake Kipini," alisema yule mwenzake wa dawati, "ila yule ni pombe tu."

Darasa likaangua kicheko. Daktari akaanza kufunga mkoba wake. Kipini aliona kwamba daktari akiondoka hivi, baba atabaki mlevi maisha yake yote.

Akasimama. "Baba hanywi," alisema. "Mimi niliwadanganya. Hata babu alitembea hivyo. Na shangazi."

Hakuna aliyecheka. Daktari aliufungua mkoba tena.

Mchana ule daktari alifika kibandani kwa fundi, akampima macho, mikono na mwendo, akaomba damu kidogo. Hakuwaficha kitu. Dawa ya kuuponya ugonjwa haijapatikana, fedha za serikali ni za kutafuta, na kutafuta huchukua miaka. Baba aliuliza kama binti yake naye ataugua. Daktari akasema huenda, na huenda asiugue. Akiwa mtu mzima ataamua mwenyewe kama anataka kupimwa.

Alipoondoka, Kipini alimweleza baba ukweli wote huku akilia. Baba alikikunja kitambaa alichokuwa akishona, akakiweka kando.

"Ugonjwa nilipewa na babu yako, naye hakupenda," alisema taratibu. "Ulevi nilipewa na wewe. Huo umeniuma zaidi."

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe. Kusema kweli mbele ya wanaokucheka si jambo dogo. Ila shika hili, mwanangu. Daktari yule angeondoka na fedha zote za utafiti asijue kama tupo. Kuugua si aibu. Uongo ndio uliotuweka peke yetu, mimi humu kibandani, wewe huko shuleni."

Akafunika cherehani. Siku zote Kipini alimtangulia njiani ili wasionekane pamoja. Jioni ile alimshika mkono, wakapita mbele ya maduka yote, wakiyumba pamoja.