Rangi ya Zamani

Mwalimu wa hesabu alikuwa amelala kifudifudi kando ya gari lake la bluu, mlangoni mwa gereji, kisogo kimepasuka. Spana ya magurudumu ilikuwa hatua mbili kutoka kichwani, imefutwa. Haikuwa na hata alama moja ya kidole.

Inspekta aliinuka akishika kiuno. Hiyo ilikuwa maiti ya tatu wiki ile.

"Nani alimwita saa kumi na mbili asubuhi?" alimuuliza mwenye gereji.

"Si mimi, afande. Mimi nafungua saa mbili."

"Simu yake ina ujumbe: 'Gereji hapa, lete gari mapema.' Nani mwingine ana namba za wateja wako?"

"Labda fundi wa tovuti. Siku hizi wanajisajili huko."

Walifungua kompyuta iliyojaa grisi. Jina, simu, namba ya gari. Kisha kisanduku cha nne, chenye kinyota chekundu. Usipokijaza, fomu haiendi. Rangi ya zamani ya gari.

"Hiki cha nini?"

"Sijui, mzee. Mimi niliagiza vitatu. Hicho kilipotokea nikadhani ndio usomi wenyewe."

Inspekta alishuka na orodha polepole. Wateja mia mbili na kumi walikuwa wameandika "ileile". Mmoja tu, mwalimu, aliandika "nyeupe".

Fundi wa tovuti walimkuta kwake anapiga pasi shati. Hakukimbia.

"Kisanduku cha nne uliongeza lini?"

"Mwezi uliopita."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Yuko wapi?"

"Kaburini. Gari jeupe lilimgonga miaka mitatu iliyopita, likakimbia. Nyie mkafunga jalada."

Jalada lile alilifunga Inspekta mwenyewe, Ijumaa moja, ili apate kwenda kulala. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nilijua aliyemuua atabadilisha rangi," fundi aliendelea. "Nikaweka mtego, nikangoja. Nimempiga mimi. Sijuti."

"Alisema nini?"

"Alinisalimia. Akauliza kama tumeshafungua."

Inspekta alitoa kadi ya gari la marehemu, akaiweka juu ya shati.

"Soma tarehe aliyolinunua."

Fundi alisoma. Akarudia.

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana. Kwa mtu mwingine."

"Mtu gani? Afande, nani alimuuzia?"

"Hilo ungemuuliza mwalimu," alisema Inspekta, akichomoa pingu. "Zima pasi, twende."