Mikono Miwili ya Kushoto

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia habari zake ilikuwa na chumba kimoja, sebule yenye cherehani mbili, na kibaraza kinachotazama barabara. Asubuhi moja tulivu, Mama Vifungo alikuwa ameketi kibarazani akichambua vifungo: vyeupe kwenye kopo la maziwa, vya bluu kwenye sahani, vilivyokatika ukingo pembeni. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Mtaa mzima ulinunua kwake uzi, zipu na vifungo, naye mumewe, Fundi, alishona sare za shule. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba. Mpita njia angesema, hawa hawana shida duniani.

Ghafla kivuli kikaangukia vifungo vyake. Alipoinua macho alimwona mwanamume mrefu asiyemjua, vidole vyeusi kwa gundi na rangi ya viatu, mfuko wa plastiki mkononi.

"Hodi hapa, shemeji. Namtafuta Fundi."

"Amesafiri," Mama Vifungo akajibu upesi.

Hapa inabidi niwaambie ukweli. Fundi hakuwa amesafiri. Alikuwa nyuma ya pazia, hatua sita tu kutoka pale, amelala akiutazama ukuta. Ilikuwa wiki ya saba. Mwanzoni hakupata usingizi, halafu akawa haamki. Alikula akilazimishwa. Siku nyingine aliinuka, akakaa kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kanyagio na kuuacha hapo mpaka jioni.

Mgeni alitoa shati jeupe la shule kwenye mfuko, akalikunjua. "Hili nilimnunulia binti yangu kwa Fundi miezi miwili iliyopita. Kila akilivaa, bega moja linamvuta. Nikaligeuza ndani nje. Shemeji, hebu tazama. Mikono yote miwili ni ya kushoto."

Mama Vifungo akatazama, akaona ni kweli. Mumewe, aliyeweza kukata mkono wa shati huku anapiga soga! "Nitakurudishia hela yako, kaka. Tafadhali usitutangaze."

"Sikuja kudai." Mgeni akachuchumaa, akashusha sauti. "Anaumwa?"

"Nimekwambia amesafiri."

"Sawa. Basi nikueleze yangu. Mimi ni fundi viatu. Mwaka juzi nilimtengenezea karani mmoja viatu vya ngozi, kazi safi, soli ya kudumu. Vyote viwili vya kushoto. Alirudi kwangu anatembea kama bata. Soko zima lilicheka, hata mimi nilicheka. Halafu nikaingia kibandani, nikalia siku tatu."

Mama Vifungo alicheka bila kutaka. Kisha machozi yakafuata.

Alimweleza yote. Jinsi alivyokwenda kwa daktari wa hospitali binafsi, akaambiwa kikao kimoja cha matibabu ni sawa na kodi ya nyumba ya miezi miwili, akarudi nyumbani kwa miguu. Jinsi wifi yake alivyomwonya: "Wifi, ukimpeleka kaka yangu kwa madaktari wa vichaa umetuumbua. Sema amesafiri, yatapita." Msimchukie wifi huyo, wasomaji wangu. Kila siku alimletea kaka yake uji, akamlisha kwa kijiko. Alimpenda, ila aliogopa watu kuliko ugonjwa.

"Sasa sikiliza," fundi viatu akasema. "Kile kituo cha afya wanakopelekwa watoto kuchanjwa unakijua?"

"Nakijua sana."

"Chumba cha mwisho, baada ya stoo. Kila Jumatano kuna muuguzi wa afya ya akili. Unalipia kadi tu, kama mwenye kikohozi. Aliyekwama kabisa anaonana na ofisa ustawi wa jamii hapo hapo, anasamehewa malipo. Mchana sisi wagonjwa wa zamani tunakaa duara, tunaongea."

"Miaka yote hii napita pale! Mbona hawajaweka hata bango?"

"Wangeweka, nani angeingia?"

Kisha akaomba kumsalimia mgonjwa. Mama Vifungo alisita, halafu akalisogeza pazia.

"Fundi," mgeni akasema akiwa amesimama mlangoni, "mimi ndiye niliyeshona viatu viwili vya kushoto."

Mama Vifungo akashika ukingo wa pazia. Halafu ikasikika sauti yenye kutu, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa siku nne.

"Saizi gani?"

"Arobaini na mbili."

"Masikini karani," Fundi akasema, akageuka kutoka ukutani.

Walizungumza wawili peke yao karibu saa nzima. Mgeni alipoondoka, Fundi alimwita mkewe. "Jumatano nitakwenda. Ila usiniache peke yangu kwenye lile benchi. Usiinuke hata dakika moja. Ukiinuka nami nitainuka, na sitarudi tena."

"Sitainuka, mume wangu. Nakuahidi."

Jumatano walipewa namba kumi na nne. Benchi lilikuwa la mbao, na watu walioketi walikuwa wa kawaida tu: mama mwenye kikapu, mlinzi aliyetoka zamu, mzee mmoja aliyejitia anasoma gazeti. Walikuwa wamefika namba tisa simu ya Mama Vifungo ilipolia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani.

"Mama, nina kazi ya kushona sare mia mbili za wanafunzi wapya. Njoo na sampuli sasa hivi, kamati inakaa saa nne. Usipofika tunampa mwingine."

Shule ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Mwaka mzima walikuwa wakiiomba kazi hiyo.

Fundi alisikia kila neno. "Nenda," akasema, lakini vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa gauni la mkewe, na miguu yake ilikwisha elekea mlangoni.

Mama Vifungo akapiga moyo konde. "Mwalimu, siwezi. Niko kliniki na mume wangu."

"Si alisafiri?"

"Hakusafiri. Anaumwa, mwalimu. Ni ugonjwa wa akili, na zamu yake inakaribia. Nimemwahidi sitainuka hapa."

"Pole sana, mama. Lakini kamati haiwezi kusubiri."

Simu ikakatika. Saa nne ikafika, ikapita. Kazi ikaenda kwa fundi mwingine, na mpaka leo haijarudi. Mama Vifungo aliiweka simu kwenye mkoba, akaketi vizuri zaidi, bega lake likigusa la mumewe, mpaka muuguzi alipoita, "Kumi na nne."

Hapo ndipo alipoinuka, pamoja naye.

FUNZO

Ndugu zangu, muuguzi aliuita ugonjwa ule sonona. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una tiba. Kabla hujasema huna uwezo, kaulize kituo cha afya kilicho karibu nawe: wagonjwa wa akili wanaonwa siku gani, na asiye na kitu afanyeje. Wewe uliyepita huko ukapata nafuu, usikae kimya, kapige hodi kwa mwenzako. Na mgonjwa wako akikuomba ukae naye, kaa.