Lita Mbili za Gari la Kijivu

Asubuhi ile fundi alifika mapema kwenye yadi ya magari. Jua lilikuwa la kawaida, vumbi la kawaida. Alisimama kando ya lango akasali kimoyomoyo, kama alivyozoea kabla ya kugusa gari la mtu, kisha akawangoja wakwe zake.

Walikuja wawili. Mama mkwe wake, ambaye alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu mkewe. Shemeji hakumsalimu. Ilikuwa miezi saba tangu mke wa fundi afariki katika ajali, fundi mwenyewe akiwa kwenye usukani, na tangu siku hiyo shemeji hakumwita kwa neno lolote ila "huyu." Mama mkwe ndiye aliyeng'ang'ania kwamba gari la kumpeleka hospitali lichaguliwe na mwanawe fundi. Hakuwa amebaki mwanamume mwingine duniani wa kumwita mwana.

Magari yalikuwa mawili, ya ukubwa wa kati, milango minne na buti nyuma. Jeupe lilikuwa na injini ndogo na viti vigumu. La kijivu lilikuwa na nguvu, viti vya ngozi, na ukimya ndani yake kama wa chumba kilichofungwa siku nyingi. Dalali alilisifu la kijivu mpaka mate yakamkauka. Fundi alipomuuliza lilikuwa la nani, dalali akasema amesahau, akageuka kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Hakuamini maneno ya dalali wala mshale wa mafuta. Alijaza tangi mpaka petroli ionekane mdomoni, akazunguka njia moja tu, barabara kuu, mlima wa hospitali, mitaa yenye mashimo, kisha akarudi kwenye pampu ileile akajaza tena. Kilichoingia ndicho gari lilichokunywa. Na mwenye kulitumia gari lazima akae kiti cha nyuma, maana dereva hajui starehe ya abiria.

"Usitukimbize ulivyomkimbiza mdogo wangu," shemeji alisema akifunga mlango wa mbele.

Walianza na jeupe. Mlimani lilijikongoja, na kila shimo lilimtoa mama mkwe mguno. Lilikunywa lita tatu. Shemeji akauliza kama gari hilo limeletwa kuivunja mifupa ya mama yake.

La kijivu lilipanda mlima kana kwamba hakuna mlima. Mama mkwe alisinzia kabla barabara kuu haijaisha. Waliporudi aliamka na tabasamu ambalo fundi hakuwa ameliona tangu mazishi.

"Nani alinishika mkono?" aliuliza taratibu.

Shemeji alikuwa amekaa mbele njia nzima.

"Ulikuwa wa baridi," mama mkwe alisema. "Nimeufikicha weee, ukapata joto kidogo."

Kwenye pampu zikaingia lita tano.

Fundi alilala chini ya gari akatafuta panapovuja. Pakavu. Kesho yake, mchana, akarudi kuyajaribu yote mawili, peke yake. Jeupe, bila abiria, lilikunywa lita mbili na nusu. Kisha akalitoa la kijivu. Katikati ya mlima alisimama, akashuka kulitazama. Springi za nyuma zilikuwa zimelala. Alifungua buti. Tupu. Alirudi kukaa, na hapo akaiona taa ndogo kwenye dashibodi, ile inayowaka abiria wa nyuma asipofunga mkanda. Kiti cha nyuma, kushoto.

Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Akapapasa ngozi ya kiti. Ilikuwa na joto.

Kisha akasikia, tak.

Taa ikazimika. Mkanda ulikuwa umefungwa.

Aliteremsha lile gari mlimani huku akilitaja jina la Mungu kila pumzi. Kwenye pampu zikaingia lita tano, zilezile.

Alasiri alikwenda nyumbani kwa mama mkwe. Alimkuta ameshakata shauri. Anataka la kijivu, maana mle ndani yumo binti yake marehemu, amekaa anamngoja. Fundi aliamini kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu na hawamngoji mtu kwenye gari. Alijua kilichokaa pale si mke wake. Lakini angemwambiaje mama aliyefiwa, tena mbele ya shemeji aliyekuwa akimkodolea macho? Akajificha nyuma ya petroli.

"Linakunywa sana, mama," alisema. "Lita mbili zaidi ya mwenzake."

"Mafuta nitalipa mimi," shemeji alisema. "Roho ya mtu umeila, leo unatuonea uchungu petroli?"

Fundi akainamisha kichwa.

La kijivu likanunuliwa, na Jumatatu asubuhi shemeji aliliendesha mwenyewe. Kwenye geti la hospitali mama mkwe hakushuka. Daktari alisema ni moyo. Shemeji alimsimulia fundi mara moja tu, kwa kunong'ona, siku ya mazishi. Njia nzima mama alikuwa akizungumza kama anayejibu maswali. Mlimani akasema, "Sogea, mwanangu, unanibana." Halafu akasema, "Wewe siye." Halafu kimya.

Baada ya mazishi shemeji alimtupia funguo, akamwambia aliuze au alichome, yote kwake sawa. Fundi hakutaka kumuuzia mtu kifo. Akajaza tangi mpaka mdomoni, adhuhuri kweupe, akasali, akaondoka peke yake kuizunguka njia ileile. Aliporudi kwenye pampu ziliingia lita mbili na nusu. Springi zilikuwa juu. Fundi alipiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye mafuta akamshukuru Mungu, watu wakimtazama.

Alipofika kwake akavua shati aoge. Kifuani palikuwa na mstari wa damu iliyovilia, upana wa mkanda wa gari, umekatiza kutoka begani mpaka mbavuni, kama wa mtu aliyefungiwa breki za ghafla. Hakukumbuka kufunga breki. Alijaribu kuikumbuka safari. Alikumbuka kuondoka kwenye pampu na kurudi. Ya katikati, alikumbuka kitu kimoja tu: mshono mweupe ulio nyuma ya kiti cha dereva.

Usukani wa gari lile uko kulia, na mkanda wa dereva hupita bega la kulia. Mstari wa fundi unaanzia bega la kushoto, kama wa aliyekaa kiti cha nyuma, kushoto. Mpaka leo haujafutika.