Kinywa cha Ziada

Jumatatu jioni Télesphore alirudi kutoka kazini, akaegemeza baiskeli ukutani, akafungua mlango, na juu ya meza akakuta sahani ya marehemu mke wake imeoshwa na bado inadondosha maji.

Alisimama pale na kofia mkononi. Martine alikuwa amezikwa miezi minane, na sahani ile ya bati yenye ua jekundu haikuwa imetoka kabatini tangu siku hiyo. Mlango aliufunga mwenyewe kwa ufunguo, na dirisha lilikuwa na komeo. Aliigusa kwa kidole, akaikuta vuguvugu. Akajiambia kwamba asubuhi aliitoa bila kufikiri, maana mtu anayeishi peke yake hufanya mengi bila shahidi. Akaipangusa, akairudisha, akala muhogo wake kwenye sahani nyingine.

Lakini tuseme ukweli, hofu ilikuwa imeshamwingia, kwa sababu alijua alichokifanya wiki iliyopita.

Mwaka huo wa 1957 Télesphore alikuwa karani wa maktaba katika biro, yaani ofisi, moja ya utafiti mjini Bukavu, jengo la matofali lililotazama ziwa, ambako Wazungu walikusanya maandishi juu ya wakulima: wanapanda nini, wanakula nini, nyumba moja ina watu wangapi. Alivaa tai hata siku za mvua, na alipenda mno kuitwa msieu, yaani bwana, na watu waliomjua tangu akitembea peku, lakini kazi yake aliijua barabara. Katika chumba cha mwisho cha maktaba ile palikuwa na makasha matano ya vitabu vya Kichina. Yaliletwa na padri mzee, Alphonse, aliyefukuzwa China pamoja na wenzake na kupakia melini vitabu badala ya nguo. Vilikuwa hesabu za vijiji vya bonde moja, nyumba kwa nyumba, mwaka kwa mwaka, na wakubwa wa biro walitaka kuzilinganisha na hesabu za vijiji vya Wabashi, wenyeji wa huko.

Miaka mitatu wawili hao walikaa meza moja. Padri alisoma, akatafsiri kwa Kifaransa, na Télesphore akaandika kwenye fishi, zile kadi ndogo za maktaba. Alijifunza alama chache tu. Aliyoipenda ni ya kinywa, mraba mdogo mtupu, kwa sababu huko China, Padri alimweleza, karani hahesabu watu wa nyumba, anahesabu vinywa. Kila fishi ikaishia na tarakimu, na mraba kando yake.

Kitabu kimoja kilikuwa na ukurasa uliofunikwa kwa karatasi na gundi.

"Hii tunaacha, mon Père?" Télesphore alimuuliza Padri.

"Hiyo tunaacha. Watu wa nyumba hiyo waliandikisha kinywa kisichokuwapo, ili wasinyang'anywe shamba. Andika kichwa cha kitabu, basi."

Kisha Padri alirudi Ubelgiji kufia kwao. Martine naye akaugua, akafa. Katika Kivu nzima hakubaki mtu wa kuvisoma vitabu vile, na mkurugenzi akaamuru makasha yapigwe misumari. Télesphore hakuyapiga. Saa ya siesta, Wazungu walipokwenda kula na kulala, aliingia chumba kile akakaa kwenye kiti chake kilekile, mbele ya kiti kitupu cha Padri.

Ndipo ikaja karatasi ya ofisi ya nyumba. Nyumba za Bagira, mtaa wa serikali alikoishi, zilikuwa za familia, na mtu aliyebaki peke yake alihamishiwa kambi ya makapera, wanne chumba kimoja. Karatasi iliuliza jambo moja tu: watu wangapi? Sasa Télesphore angeiachaje nyumba ile? Nyuma yake palikuwa na kishamba cha maharage alichokilima Martine, na juu ya figa palikuwa na masizi ya mapishi yake ukutani. Aliandika mbili. Na mkono wake, uliozoea fishi miaka mitatu, ukachora kamraba kando ya tarakimu kabla hajauzuia.

Jumanne asubuhi jirani yake, Maman Georgette, alimwita kwenye ua.

"Papa Télesphore! Umeoa na hautuambie?"

"Nimeoa nani, maman?"

"Eh, banaume! Bibi iko anaanika nguo hapa tangu jana. Minamusalimia, anaitika na kichwa tu. Iko na haya."

Télesphore alicheka ili asionekane mjinga. Kisha akatazama kamba. Kitenge cha Martine kilining'inia pale, kimekamuliwa vizuri, na hakikuwa kimetoka sandukuni tangu mazishi.

Alhamisi ilikuwa sikukuu ya Kupaa, biro imefungwa, na mvua ilianza saa sita mchana. Alikaa sebuleni na gazeti la zamani. Kwanza ilikuja harufu ya nafaka inayochemka, si mahindi, si mtama, si muhogo, na chini yake harufu ya kafuri iliyokuwa ndani ya makasha yale. Kisha kiti cha ng'ambo ya meza kikavutwa, polepole, kama anavyovuta mtu asiyetaka kuwasumbua wengine, ubao wake ukalia kwa kubeba uzito, na Télesphore, ambaye hakuthubutu kulishusha gazeti, akasikia mbele yake, umbali wa mkono, kijiko kikigonga bati, kinywa kikifunguka, kikitafuna, kikimeza, kikipumzika, kikitafuna tena, bila haraka yoyote, kwa utulivu wa mtu aliye kwake, hadi mvua ikakatika na sahani ikakwanguliwa mpaka chini.

Alipolishusha gazeti hapakuwa na mtu. Sahani yenye ua jekundu ilikuwa tupu na ya moto. Aliisukuma mbali kwa ncha ya gazeti, lakini kuna jambo hakulisema kwa yeyote: saa nzima ile, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, hakuwa amejiona mpweke.

Ijumaa, saa ya siesta, alilowesha kitambaa na kuibandua karatasi ya Padri. Hakuhitaji kujua Kichina. Nyumba ileile iliandikwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza ilikuwa na miraba mitano, mmoja umechorwa pembeni kwa wino mwingine. Mwaka wa pili, mitatu. Mwaka wa tatu ulibaki mmoja, ule wa pembeni. Télesphore alifunga kitabu na kukaa mpaka kengele ya saa nane.

Parokiani hakwenda. Huko angeulizwa kwanza habari ya uongo kwenye karatasi ya serikali. Alivua tai, akaitia mfukoni, akapanda mtaa wa Kadutu kwa Mwalimu Feruzi, Mwislamu wa Uvira aliyefukuza majini, ambaye Wakristo wa mjini walimcheka hadharani na kumtembelea kwa uchochoro.

Feruzi alimsikiliza akipepea mkaa. "Jini havunji mlango, mwanangu. Anaingia fasi wamemuwekea. Weye ulimuwekea nini?"

"Niliandika mbili."

"Na ukweli?"

Télesphore alitazama sakafu. "Moja."

"Utasema hiyo moja na kinywa chako, mara tatu, mule ndani ya nyumba, mimi nikisoma. Kisha unaenda ku biro ya nyumba, unasahihisha."

"Batanifukuza mu nyumba, Mualimu."

"Ndiyo. Nyumba itaenda. Weye utabakia."

Jumapili adhuhuri Feruzi alifika na ubani wake. Alifunga dirisha, akaweka chetezo chini, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na macho yake yakatua kwenye kiti cha ng'ambo ya meza, yasibanduke. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Sema sasa," alinong'ona. "Na usimuangalie."

Télesphore hakuona cha kuangalia. "Niko mimi moja hapa," alisema. Kiti kikalia. "Niko mimi moja hapa." Nyayo zikaenda chumbani, nyepesi, za mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni, na kutoka nyuma ya pazia akasikia sanduku likifunguliwa na nguo zikikunjwa moja baada ya nyingine na kupangwa, na alipokuwa akisikiliza kukunja kule alifikiria jioni ya leo na jioni ya kesho, kitanda cha kambi na wanaume watatu asiowajua wakikoroma, makasha yasiyo na msomaji, sahani moja, kijiko kimoja, miaka yote iliyobaki ya kurudi mahali ambapo hakuna anayegeuza kichwa mlango ukifunguka.

"Ya tatu!" Feruzi alisema. "Anaenda! Sema!"

"Tuko babili," Télesphore akasema.

Kukunja nguo kukakoma. Feruzi alinyamaza katikati ya aya. Alizima mkaa kwa maji, akakusanya vitu vyake bila kumtazama mwenye nyumba, akasimama mlangoni.

"Kwanza ulimupa na kalamu. Sasa umemupa na kinywa. Mimi siwezi tena, mwanangu."

Jumanne alikuja Donatien, ajenti wa ofisi ya nyumba, kijana mwenye kofia ya kizungu na kabrasha kwapani. Télesphore alikuwa amejiandaa kudanganya: bibi amekwenda Katana, bibi yuko sokoni. Hakupata nafasi. Donatien aliingia, akavua kofia mbele ya kile kiti, akainamisha kichwa.

"Jambo, maman." Alingoja, akatabasamu kama mtu aliyejibiwa vizuri. "Aksanti, maman, nimekunywa fasi ingine."

Akaandika, akagonga muhuri. Nje alimpiga Télesphore bega. "Iko na haya kidogo, lakini iko muzuri. Nyumba ni yenu, msieu."

Télesphore alibaki uani na karatasi mkononi. Alikuwa amekitazama kiti kile muda wote, na hakuona kitu ila mbao zake. Georgette alikuwa ng'ambo ya ua akichambua maharage.

"Maman Georgette," alimwita, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Tafazali uniambie. Iko namna gani? Sura yake?"

"Eh, Papa Télesphore! Unaniuliza mimi sura ya bibi yako?"

Georgette alicheka, lakini kicheko kikakatika. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la Télesphore, kuelekea mlangoni, kwa makini, kama mtu anayepewa ujumbe. Akashusha sauti.

"Anasema uingie. Anasema amechoka kubakia yeye moja mule ndani."

Télesphore aligeuka. Mlango ulikuwa wazi na sebule tupu. Akaingia, maana Bagira nzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa akimngoja.