Utando wa Nyuma ya Jicho

Ijumaa mchana, nyumba ya Thabit huko Khuwair ya Kusini ilinukia biriani. Mkewe, Nasriya, alikuwa akipakua. Mama yake Nasriya, Bi Thuwaiba, alikuwa ameshakaa kwenye busati akiwasubiri. Bi Thuwaiba anaona kwa jicho moja tu. Jicho lake la kushoto liliingia kiza zamani, alipokuwa Zanzibar, na hakuna aliyejua sababu.

Ghafla Nasriya akaweka upawa chini.

"Thabit, umewasha taa ukazima?"

"Sijagusa taa. Kwani vipi?"

"Nnaona mwanga unapiga pembeni, kama radi. Na vidoa vyeusi vinaelea mbele yangu, kama mbu. Nikivifukuza haviondoki."

"Umechoka tu. Kula, kisha ulale."

Bi Thuwaiba akageuka. "Langu lilianza hivyo hivyo. Radi, kisha mbu, kisha kama pazia jeusi likashuka. Thabit, chukua gari umpeleke."

"Lakini mama, macho yangu si yalishatengenezwa? Hata miwani nimeacha," alisema Nasriya.

"Nenda, mwanangu. Biriani haikimbii."

Hospitali walipokewa na Daktari Jumana, bingwa wa macho. Alimtia Nasriya matone ya kutanua mboni, akamchunguza, kisha akapiga picha. Picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta: duara kubwa la rangi ya chungwa, na mishipa myekundu imetawanyika kama matawi ya mti.

"Hiyo sayari gani?" aliuliza Thabit.

"Ni ndani ya jicho la mkeo."

Nasriya alishika kifua. "Subhanallah! Yote haya yamo humu?"

"Huu ni utando unaoitwa retina," alisema daktari. "Unapokea mwanga, ndipo tukaona. Ni mwembamba mno. Sasa tazama hapa pembeni. Pamechanika. Maji yakipenya chini yake, utando wote hubanduka. Hapo ndipo pazia jeusi hushuka, na mtu anaweza kupofuka."

"Lakini mimi nilifanyiwa operesheni ya kuacha miwani!"

"Miwani yako ilikuwa namba ngapi?"

"Kumi na moja."

"Operesheni ile ilirekebisha sehemu ya mbele tu. Jicho la mtu asiyeona mbali ni refu kuliko kawaida. Linavyorefuka, utando wa nyuma unavutika na kuwa mwembamba. Urefu huo bado unao. Kuanzia namba sita, hatari inakuwa kubwa. Umri nao unaizidisha. Na kupigwa jichoni, hata kwa mpira. Na operesheni ya mtoto wa jicho. Na kama kuna mtu katika ukoo aliyepatwa na haya."

Thabit akamtazama mkewe. "Mama yake jicho moja halioni."

Daktari akaacha kuandika. "Na hilo la pili, linapimwa?"

"Kila mwaka anapimwa miwani, dukani."

"Kupima miwani hakutoshi. Mleteni kesho asubuhi, hata kama hasikii lolote."

Jioni ile ile daktari alimtibu Nasriya kwa mwanga wa leza, akauzungushia mpasuko ili utando ushikane tena na jicho.

Kesho yake Bi Thuwaiba alipimwa. Katika jicho lake la pekee yalionekana matundu mawili. Hayakuwa yamemuuma, wala hakuona radi. Daktari alimwonesha picha. Bibi akasogeza uso.

"Mwanangu, hili ndilo linalonionesha nyote?"

"Ndilo, bibi."

"Kwa utando mwembamba hivi? Na limefanya kazi ya mawili miaka yote hii!"

Machozi yalimtoka. Siku hiyo hiyo naye alitibiwa kwa leza.

Nasriya bado anaona vidoa viwili vitatu vikielea, lakini anaona. Bi Thuwaiba naye anaona. Sasa kila mwaka wanakwenda kutanuliwa mboni na kuchunguzwa. Mwaka huu walimchukua Atheer, binti wa Nasriya, anayevaa miwani namba saba na kucheza mpira wa kikapu shuleni. Daktari alimshauri avae miwani maalumu ya kukinga macho awapo uwanjani. Kisha akafungua picha ya jicho lake.

"Hapakuchanika popote," alisema.

Atheer akanyanyuka aende zake. Bi Thuwaiba alimshika mkono.

"Usiifunge, daktari. Niache nitazame kidogo tena."