Chumba Kilichotolewa Kwenye Ramani

"Tukitoa chumba kimoja, hela inatosha," alisema fundi Ildefonsi, ameshika kamba aliyoifunga kwenye vigingi uani. "Tusipotoa, bati zitaishia nusu, na mvua ndiyo hiyo inakaribia."

Mwanahawa alikuwa na jibu. Wiki nzima alikuwa akipanga ukarabati na upanuzi wa nyumba hii ya Kasulu waliyoachiwa na baba mkwe, na alishajua nini kinaweza kusubiri.

"Toa vigae, fundi. Sakafu ya saruji inatosha. Na baraza la jikoni acha, nitapikia hivyo hivyo."

"Ego, ndiyo mama. Lakini hela bado haitoshi."

"Toa kile kidogo," alisema mumewe, Tamimu, macho kwenye simu. "Tukiunganishe na sebule."

"Kile cha mtoto?"

"Hatutakihitaji, Hawa."

Alisema taratibu, kama anayetaja bei ya kitenge dukani kwake. Fundi akaitazama kamba yake.

"Fundi, kanywe chai kwanza. Nitakuita."

Ildefonsi hakusubiri kuambiwa mara mbili.

"Nina miaka thelathini na moja," Mwanahawa alisema. "Mama yangu alinizaa akiwa na thelathini na sita. Nani kakwambia hatutakihitaji?"

"Ni bajeti tu."

"Bajeti nimeipanga mimi. Nakuuliza wewe umejuaje."

Simu ya Tamimu ikaita. Alikuwa mama yake, Bi Zena, kutoka Kibondo. Akakata. Ikaita ya Mwanahawa. Akapokea na kuweka spika, ili mumewe asikie anavyosemeshwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kidumu cha dawa nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Unywe yote, usimwage kama unavyomwaga hela za mwanangu kwa mafundi. Nyumba ya vyumba vinne, unamlaza nani?"

"Nitakunywa, mama."

Kila mwezi kilikuja kidumu kimoja. Majirani walikiona kikishushwa kwenye bodaboda, na hakuna aliyeuliza ni cha nani. Mizizi ile ya kutafuta mtoto ilimtapisha. Aliinywa.

Tamimu aliichukua simu mkononi mwa mkewe.

"Mama, acha kumtumia."

"Kwa nini?"

"Acha tu."

"Tamimu. Umemwambia?"

Tamimu alitafuta kitufe cha kuzima spika.

"Tulikubaliana nini siku ile umetoka hospitali na majibu yako? Mwanamume hatangazi jambo kama lile. Akinywa yeye, watu wanajua ni yeye, yanaisha."

Tamimu alikata simu, lakini yote yalikuwa yameshasikika.

"Majibu ya lini?"

"Hawa, nisikilize."

"Ya lini?"

"Mwaka wa pili wa ndoa yetu."

Kidumu cha kwanza kilikuja mwaka huo huo. Mwanahawa alikaa juu ya rundo la matofali.

"Walikwambiaje?"

"Sitazaa. Hawakusema labda. Walisema sitazaa."

"Mwaka jana ile dawa ilinilaza kitandani siku tatu. Ulinishika kichwa nikitapika. Ukaniambia jikaze, mke wangu."

"Niliogopa. Ningekwambia, ungeondoka."

"Ningekaa."

Tamimu akainua uso.

"Ningelia wiki nzima, halafu ningekaa," alisema. "Tungemchukua mmoja wa watoto wa dada yangu, wako sita pale. Kile chumba kingepata mtu. Ulikuwa nami upande wako, Tamimu. Hukuniuliza tu."

"Basi kaa sasa. Nitawaambia majirani nyumba kwa nyumba. Chumba nitakijenga hata kwa kuuza pikipiki."

"Nikae na nani? Yule niliyempenda asingenitazama nikinywa."

Aliingia ndani, akatoka na begi dogo. Fundi Ildefonsi, aliyekuwa akirudi kutoka kwenye chai, alimpisha njiani.

Jioni alikuwa Kitanga, jikoni kwa mama yake.

"Amekuacha?" mama aliuliza, akichochea moto. "Kwa ajili ya uzazi?"

"Hapana, mama."

"Mwanangu, usinifiche. Sisi wote tulikuwa tunaisubiri siku hii."

Mwanahawa hakuwa na nguvu ya kueleza. Simu ikatoa mlio. Ujumbe wa Tamimu ulikuwa mrefu kuliko kawaida yake:

"Nimefanya. Nimeanza kwa Saady wa duka la pembeni, nikaenda kwa wote. Nimewaambia tatizo ni langu, tangu mwanzo. Kuna waliocheka. Mama hapokei simu zangu tena. Hawa, nakupenda, na hilo unalijua. Rudi."

Alilijua. Alisoma mara mbili, akaandika:

"Asante. Sasa rudi kwao tena, uwaambie nimeondoka, na kwamba sikuondoka kwa sababu huzai."